Jiko la Kuketi

"Waya mnene hauendi jikoni. Nimesema, na nimemaliza," alisema mume wangu.

"Hujamaliza, Baba Hidaya. Hata kufikiri hujaanza."

"Jiko lenyewe la umeme liko wapi? Nionyeshe. Liko chini ya kitanda? Wewe unamtandikia mgeni ambaye hata barua ya kuja hajaandika."

"Na mashine yako ya kuranda mbao iko wapi? Nayo iko chini ya kitanda?"

Silvano alicheka. Alikuwa juu ya ngazi katikati ya korido, kichwa na mabega vimezama darini, kwa hiyo tulichokiona kwake ni suruali na viatu. "Endeleeni tu," alisema. "Huku juu mimi sisikii kitu."

"Unasikia vizuri sana," nilimwambia. "Shuka, fundi, uje useme ukweli wa huu waya."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mwaka tisini na nane, na baridi ya Magamba ilikuwa imeingia mpaka ndani ya tofali. Nyumba yetu mpya ilikuwa imeezekwa, milango bado. Mika, fundi wa lipu, alikuwa aje saa nane mchana, na alikuwa aanzie jikoni kwa sababu mchanga ulimwagwa upande huo. Kila kinachokaa ndani ya ukuta kilitakiwa kiwe ndani ya ukuta kabla ya saa nane. Baada ya hapo, atakayetaka kuongeza waya itabidi atindue lipu mpya, na mimi sikujenga nyumba ili nianze kuibomoa.

Waya mnene tulikuwa na roli moja tu. Niliufuata Tanga mwenyewe. Siku hizo maduka ya Tanga yalikuwa yamefunguka. Kitu ambacho zamani ulikiomba kwa barua ya mkuu wa idara sasa kilining'inia mlangoni. Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya ualimu wa sayansi kimu, chuo kizima kilikuwa na jiko moja la umeme linalofanya kazi, na wasichana ishirini na nane tulipanga foleni kugeuza vitufe vyake. Sasa majiko ya mitumba yalipangwa nje ya maduka kama mbuzi wa mnadani. Ya pleti mbili, ya pleti nne, yenye oveni, mengine bado yana mafuta waliyokaangia wenyewe huko Ulaya. Niliyatazama, nikayapita, nikaenda kuulizia waya. Jiko nitanunua mwakani, la pleti mbili. Miaka mitatu mbele, lenye oveni. Lakini ukuta unapigwa lipu mara moja, na anayejenga bila kuuliza miaka mitatu mbele atapikia nini, huyo anajengea picha ya ukutani.

Silvano alishuka. Ni mtu wa Gare, mwembamba, penseli sikioni. Alijifuta vumbi la darini usoni akazidi kujipaka.

"Ukweli ni huu, mwalimu," alisema. "Waya wa taa ni mwembamba. Wa soketi ni mnene kidogo. Jiko linataka huu hapa, wa milimita sita, na fyuzi yake peke yake. Ukilitia jiko kwenye waya wa soketi, litawaka, halafu waya nao utapata moto ndani ya ukuta, na wewe hutaujua mpaka unuse."

"Umesikia?" nilimwambia mume wangu.

"Na mashine ya kuranda?" Abubakari alimuuliza.

"Nayo inataka huu huu."

"Umesikia?" aliniambia.

"Sasa ugomvi wenu mimi siuwezi," Silvano alisema, "ila roli hili linafika sehemu moja. Linafika jikoni, au linafika chumba cha nyuma. Halifiki kote. Na msiniambie nilikate niliunge. Waya wa jiko hauungwi ndani ya ukuta. Pale kwenye kiungo ndipo moto utakapoanzia, na mtasema Silvano wa Gare aliwachomea nyumba."

Mume wangu ni seremala, na seremala mzuri. Chumba cha nyuma alikijenga kiwe karakana. Ameranda mikangazi na misonobari kwa mkono miaka kumi na saba, na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Sikumwona mjinga kwa kutaka mashine. Lakini nilikuwa na sababu ambayo yeye aliijua vizuri kama mimi, na kila nikiitaja alitazama pembeni.

Sababu ilikuwa mama yake.

Bi Mwanaidi alikuwa akipika kwenye jiko la uani, kibanda cha miti na udongo chenye mlango mmoja na dirisha la ukubwa wa kitabu. Amepika humo tangu alipoolewa. Kuta zake ni nyeusi zinang'aa kama zimepakwa varnishi. Mwezi wa tatu tulimpeleka hospitali ya Bumbuli kwa ajili ya kifua, na daktari alimsikiliza mgongo muda mrefu, akatutoa nje mimi na Abubakari, akasema maneno machache. Mama huyu asikae tena kwenye moshi. Dawa tutampa, lakini akirudi kwenye moshi, dawa ni maji. Msije mkaniambia baadaye kwamba hamkuambiwa.

Tulirudi nyumbani, na asubuhi yake mama mkwe aliwasha moto kwenye kibanda kama kawaida. Nilimwambia alichosema daktari. Akasema daktari ni mtoto. Nilimnunulia jiko la mkaa nikaliweka barazani, akapandia vitunguu. Miezi minne ilikuwa imepita, na asubuhi kikohozi chake kilituamsha kabla ya adhana.

"Mama hatapikia umeme," alisema Abubakari, sasa kwa sauti ya chini. "Unamjua. Utampelekea waya, utamnunulia jiko, naye atapita hapo anakwenda zake kibandani. Waya utakaa ukutani bure, na mimi nitaendelea kuranda kwa mkono."

"Hujamuuliza."

"Wewe umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimemwambia.

"Basi tumuulize," alisema. "Leo, kabla Mika hajafika. Akisema atapika humu, mashine yangu itangoja. Akikataa, Silvano anapeleka waya karakana, na sitaki kusikia neno oveni mpaka Hidaya aolewe."

"Sawa," nilisema. Niliona ameshindwa. Nilikuwa na jiko lililopangwa mpaka sentimita ya mwisho, nani angelikataa?

Jikoni nilikuwa nimechora ukuta wote kwa chaki. Nimefundisha upangaji wa jiko miaka tisa, kidato cha kwanza hadi cha nne, na michoro yangu huwa haifutwi ubaoni kirahisi. Chini ya dirisha, jiko la kupikia, kimo sentimita tisini. Kulia kwake meza ya saruji. Juu ya meza, soketi mbili: ya birika na ya mashine ya kusagia viungo. Pembeni, mbali na joto, friji ya siku zijazo, na soketi yake peke yake. Swichi ya jiko nayo nilikuwa nimeichora, ubavuni na si juu ya jiko, ili mtu asipitishe mkono kwenye mvuke akitaka kuzima. Dirisha lilitazama mipeasi na, nyuma yake, msitu wa Magamba. Nilikuwa nimeshajiona nimesimama hapo, natoa mkate kwenye oveni.

Mama mkwe alikuja saa sita kuuliza mafundi ni wangapi, apime unga. Alikuwa amejifunga kanga mbili na sweta la kijani la mwanawe. Silvano alivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hawa hawajakupa hata chai?"

"Wamenipa ugomvi, bibi. Nimeshiba."

"Ugomvi wa nini tena?"

"Wa kwako, mama," Abubakari alisema. "Mkweo huyu anataka upikie humu. Mwambie utapika au hutapika, tumalize."

Nilimkata jicho. Nilimshika mama mkono nikamwingiza jikoni, nikaanza kumwonyesha. Hapa jiko. Hapa unakatia mboga. Hapa maji. Hakuna kuni, hakuna majivu, hakuna moshi, unageuza kitufe tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Halafu akaenda akasimama mbele ya mchoro wa jiko. Mstari wa juu wa chaki ulimfika mbavuni.

"Na sufuria linakaa juu ya huu mstari?"

"Ndiyo, mama."

"Lete sufuria."

Nilidhani anatania. Alikuwa hatanii. Nilileta sufuria kubwa la ugali kutoka kibandani, na Silvano, kwa kupenda mambo, akapanga tofali mpaka zikafika kwenye mstari, akaweka juu yake kipande cha bati. Mama aliweka sufuria pale. Mdomo wa sufuria ulimfika kifuani. Akachukua mwiko, akauinua, na kiwiko kikapanda usawa wa sikio. Akasonga hewa mara moja. Sufuria likateleza juu ya bati, likazunguka, likaangukia mguuni kwa Abubakari.

"Astaghfirullah!" Abubakari aliruka.

"Ugali wa watu kumi na wawili," mama mkwe alisema, "nausonga nimesimama, mikono juu, kama ninayesimamisha basi la Tanga?" Silvano akaketi chini kwa kicheko. Mama naye alicheka kidogo, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi, akashika ukuta wenye chaki mpaka kikaisha. Hakuna aliyecheka tena.

Alipopata pumzi alinigeukia bila hasira. "Mwalimu, jiko lako ni zuri. Ni la mtu mrefu anayechemsha mayai. Mimi ngoja nikasonge ugali wenu." Akachukua sufuria lake akatoka.

"Umesikia mwenyewe," alisema Abubakari. Hakusema kwa kejeli, na hilo liliniudhi zaidi. "Silvano, peleka waya karakana."

"Silvano, usiguse kitu," nilisema. "Ni saa sita na nusu. Mika anakuja saa nane."

"Tulikubaliana, Mama Hidaya!"

"Alichokataa ni mchoro wangu. Umeme hajautaja. Nipe muda."

Nilimfuata mama mkwe kibandani. Ukweli ni kwamba nilikwenda nikiwa na maneno tayari mdomoni, kuhusu daktari, kuhusu ukaidi, kuhusu wajukuu. Nilipoinama kuingia mlangoni moshi ulinifunga mdomo. Niliona magoti yake kwanza, kisha moto, kisha yeye, ameketi kwenye kigoda kisichozidi shubiri moja, maji yanaanza kuchemka. Nikaketi juu ya gogo, macho yananitoka machozi.

"Niambie haraka ulilokuja nalo," alisema, "unga unaingia sasa."

"Sina," nilimwambia. "Pika."

Alimimina unga, akashika mwiko, na mimi nikatazama. Nimekula ugali wa mama huyu miaka kumi na miwili na sikuwahi kutazama anavyousonga. Mafiga matatu yalilibana sufuria pande zote. Upande ulio wazi aliweka kijiti chenye panda, panda imeshika ukingo wa sufuria, mwisho wa pili ameukanyaga kwa unyayo. Mgongo umenyooka. Mwiko haukusukumwa kwa kiwiko. Ulisukumwa kwa kiuno, uzito wa mwili wote ukishuka kwenye unga. Sufuria halikutikisika hata kidogo. Ugali ukageuka, ukakaza, ukaanza kuachia pembeni.

Nilikumbuka jiko la chuo. Tulipika tumesimama, aproni nyeupe, sufuria ndogo zenye mikono. Tulipika mchuzi mweupe, tukaoka biskuti, tukachemsha uji wa mtoto. Ugali hatukuusonga hata siku moja; ugali ulitoka jikoni kwa wapishi wa chuo, na wapishi wale walipikia chini, nyuma, kwenye mafiga. Miaka mitatu ya stashahada na hakuna aliyeliona hilo. Nikafundisha miaka tisa baada ya hapo, sentimita tisini, sentimita tisini, halafu jioni nikarudi nyumbani na mimi mwenyewe nikachuchumaa.

"Mama," nilisema, "kama moto wa umeme ungekuwa chini hapo ulipo huo, na sufuria limebanwa hivyo hivyo, ungekataa?"

Alisonga mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Umeme unakaa chini?"

"Unakaa unapowekwa."

"Na mlango uko wapi? Mimi nikipika naona uani. Namwona mbuzi akiingia kwenye mahindi, namwona anayepita ananisalimia. Kule kwako umenigeuzia dirishani nitazame msitu. Msitu nimeshauona."

"Utakaa pembeni ya mlango wa nyuma."

"Na mbegu zangu?" Alionyesha juu kwa kidevu. Darini, juu ya moto, vishada vya mahindi ya mbegu vilining'inia vimekauka na kuwa vyeusi. Moshi ndio unaofukuza wadudu. Mahindi ya mbegu ya Bi Mwanaidi hayana tundu hata moja, na nusu ya mtaa huja kumwomba kabla ya masika. "Moto ukizimika humu, mwakani mtapanda nini? Mtapanda umeme?"

Alianza kukohoa tena, akageuzia uso ukutani, mkono wa kushoto kifuani na wa kulia bado umeshika mwiko. Nilimnyang'anya mwiko, nikakanyaga kijiti chake kwa mguu, nikaumalizia ugali. Kilikuwa kikohozi kirefu. Kilipoisha, alitema kwenye majivu, akayafunika haraka kwa mguu. Aliyafunika haraka, lakini nilishaona wekundu.

Nilipakua ugali, nikauweka kwenye ungo, nikabeba maharage kwa mkono wa pili, na kigoda nikakibana kwapani.

"Kigoda changu unakipeleka wapi?"

"Kifuate."

Mle ndani wanaume walikuwa wamekaa juu ya mbao. Niliweka chakula chini, nikawaambia wanawe mikono wale haraka, kwa sababu nina dakika hamsini. Kisha nikaweka kigoda kwenye pembe ya mlango wa nyuma. Mama alifika akihema. Nikamkalisha.

"Nyoosha mguu kama unapika."

Alinyoosha. Nilichora duara la chaki sakafuni mbele yake, usawa wa mafiga yake yalivyokaa. Tukapanga tofali kimo cha shubiri, juu yake pa kuweka jiko la pleti mbili, na kingo mbili za tofali kulia na kushoto zibane sufuria, mbele pawe wazi kwa kijiti. Silvano alikuja na tonge mkononi akatazama.

"Hapa waya unafika?" nilimuuliza.

Alipima kwa macho, kisha kwa kamba, kutoka darini mpaka kwenye pembe. "Unafika, na roli linaisha. Kule dirishani hakutabaki hata kipande. Unaelewa, mwalimu? Oveni ya dirishani imekwenda."

"Nimeelewa."

"Ila siku ukinunua jiko kubwa lenye oveni, waya huu huu unalibeba. Utaondoa tofali, utalisimamisha hapa hapa pembeni. Tofali si nguzo ya nyumba."

Siku hiyo ikifika ingemaanisha jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisema mama akiwa ameketi pale, kwa hiyo nikasema, "Oveni haina haraka. Boksi la waya utaliweka wapi?"

"Siyo sakafuni. Mnadeki kwa ndoo, nawajua. Nitaliweka juu ya goti, bomba lishuke kwa ndani, na swichi yake hapa, mkono wa bibi ufike bila kuinuka."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akagusa tofali tupu. "Sogeza huku shubiri moja," alisema. "Hapo nitajipiga na mlango."

Silvano alinitazama. Mimi nilimtazama Abubakari. Abubakari aliacha kutafuna.

"Mama," alisema polepole, "una maana utapika humu?"

"Nimesema asogeze shubiri moja. Mbegu zangu hujazijibu."

Mume wangu alitazama mlango wa karakana yake, akatazama kigoda, akatazama mama yake, na sweta lake mwenyewe limejaa majivu mabegani mwa mama.

"Moto wa mbegu nitauwasha mimi," alisema.

"Wewe!" Mama alicheka. "Wewe Abuu hujui kuwasha hata kiberiti kwenye upepo. Watu wakipita watasema Bi Mwanaidi amezaa binti."

"Waseme. Nina takataka za randa gunia zima kila wiki, zinatoa moshi kuliko kuni zako. Nitawasha alasiri, nitafunga mlango, nitatoka. Wewe usiingie. Nikikukuta humo, mama, mbegu nawapa kuku."

"Apa."

"Wallahi."

"Mbele ya shahidi," alisema Silvano, "ingawa shahidi ni Mkatoliki."

Nilimuuliza Silvano, ukiondoa la jiko, mabomba ya plastiki yamebaki mangapi. Alisema moja zima na vipande. Nilijua la kufanya nalo. Bomba tupu likilazwa ukutani sasa, na kamba ya katani imepitishwa ndani, siku mtu akipata waya anaufunga kwenye kamba, anavuta, na ukuta hauguswi. Tangu Silvano aseme oveni ya dirishani imekwenda, nilikuwa nimeshalipangia huko dirishani, kwa ajili ya pleti nne na oveni, endapo nitapata waya mwingine.

"Lilaze karakana," nilisema.

Abubakari alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina. "Hilo si lako la dirishani?"

"Dirishani nitaweka kabati. Chukua kabla sijabadili mawazo, na mashine ukiinunua uanze na kabati langu."

"Ah, Mama Hidaya."

"Hakuna ah. Ni saa saba na robo. Tindo liko wapi?"

Tindo moja alikuwa nalo Silvano, la pili lilikuwa kwenye sanduku la Abubakari. Silvano alichora mstari wa penseli kutoka darini hadi juu ya goti la mama, shubiri moja mbali na mlango. Nilifunga kanga kiunoni, nikachukua nyundo, nikaanza chini. Abubakari alipanda ngazi akaanza juu. Tofali za kuchoma zikipasuka zinatoa vumbi jekundu, nikamwambia mama atoke nje kwa sababu ya kifua. Alitoka hatua mbili, akasimama mlangoni, akaanza kutuelekeza. Kushoto. Hapo mmezidisha. Mwalimu, unaipiga nyundo kama unaua mende.

"Njoo upige wewe, mama!"

"Mimi ni mgonjwa. Hukusikia daktari?"

Mifereji yetu ilikutana katikati saa saba na nusu, na mikono yangu ilikuwa na malengelenge mawili. Silvano alilaza bomba, akapitisha waya mnene kutoka darini, Abubakari akiuvuta chini taratibu usikunjike. Ulitoka kwenye boksi ukiwa umebaki kipande cha kiganja, basi. Silvano alibana boksi kwa misumari minne, akajaza saruji pembeni kwa kisu cha mezani kwa kuwa mwiko wake mdogo haukuonekana, akarudi nyuma akaliangalia kwa jicho moja.

"Limenyooka," alisema.

Mume wangu alikuwa ameshahamia kwenye bomba lake la karakana. Nilimsikia akipiga mluzi.

Nilichukua kitambaa chenye maji nikaenda kwenye ukuta wa dirisha. Nilifuta jiko, nikafuta swichi yake, nikafuta sentimita tisini. Soketi za birika na za friji niliziacha, hizo bado nazitaka, na Silvano alikuwa ameshazivutia waya wake. Vumbi na chaki vilifanya tope jeupe likachuruzika mpaka sakafuni.

Mika aliingia saa nane kasoro dakika tano, ndoo mkononi, viatu vyake vya mvua vimejaa saruji ya jana. Aliwasalimu watu kwa umri wao, akatazama kuta nne, akatazama mfereji mbichi pembe ya mlango.

"Huu ni wa leo? Umekauka?"

"Hautakauka mpaka upige lipu juu yake," nilimwambia.

"Nianzie wapi, mwalimu?"

"Anzia hapo."

Mama mkwe alisogea kumpisha. Mika aliteka lipu kwa mwiko wake, akaipiga ukutani juu ya bomba, ikashika.